Leseni za Vileo na Ujenzi wa Ufukwe wa Bandari: Boston Inatufundisha Nini?

Katika nusu ya pili ya karne ya 20, miji mingi ya bandari nchini Marekani ilibaki na maghala matupu na reli zisizotumika, mahali ambapo zamani palijaa mabaharia, wavuvi na wapagazi. Tangu hapo viongozi wa miji hiyo wametafuta namna ya kuurudishia uhai ufukwe wa katikati ya mji. Mojawapo ya nyenzo zao, ambayo haizungumzwi sana, ni leseni maalumu za kuuza vileo. Tunalitazama jambo hili kwa makini, kwa sababu linagusa swali linalomhusu kila mwamini anayejali mafao ya wengi: Serikali inapogawa fursa iliyo mali ya umma, ni nani hasa anayenufaika?

Ni vema kwanza kufahamu jinsi nyenzo hii inavyofanya kazi. Majimbo kadhaa ya Marekani yameweka ukomo wa idadi ya leseni za vileo. Huko New Jersey, kanuni ya jumla ni leseni moja ya kuuzia vileo vinavyonywewa hapo hapo kwa kila wakazi 3,000. Huko Michigan ni moja kwa kila wakazi 1,500. Shabaha ya ukomo huo ni kuzuia baa zisizagae kila kona. Lakini kilicho adimu hupanda bei. Kibali kilichotolewa na umma hugeuka kuwa mali ya mtu binafsi, kikauzwa na kununuliwa kama kiwanja. Na kwa kuwa mgahawa hupata faida ndogo katika chakula, mara nyingi ni vinywaji vinavyofidia kodi ya pango na mishahara ya wafanyakazi. Hivyo, mwekezaji anayepewa leseni nje ya ukomo huwa amepewa msaada mkubwa, ingawa hazina ya Serikali haikutoa hata senti moja.

Michigan ni mfano wa kutumia msaada huo kwa masharti. Sheria namba 501 ya mwaka 2006 iliruhusu leseni za ziada katika maeneo ya katikati ya miji yanayoendelezwa upya. Mwombaji anatakiwa awe amewekeza, au aahidi kuwekeza, angalau dola 75,000 katika jengo lake, na alipe ada ya dola 20,000. Anatakiwa pia kutoa huduma ya chakula, burudani au michezo, na kufungua milango yake si chini ya saa 10 kwa siku, siku tano kwa juma. Tena, haruhusiwi kuipata leseni hiyo ikiwa ipo nyingine ya kawaida ambayo angeweza kuinunua. Zaidi ya yote, leseni hii haiwezi kuhamishiwa mahali pengine. Imefungwa katika eneo ambalo ilikusudiwa kuliinua.

Boston, katika Jimbo la Massachusetts, inatuonesha yanayotokea pale ambapo kifungo hicho hakipo. Historia yake inawagusa Wakatoliki kwa namna ya pekee. Mwaka 1906, John F. Fitzgerald, mtoto wa wahamiaji Wakatoliki kutoka Ireland na babu mzaa mama wa Rais John F. Kennedy, alianza kazi kama Meya wa Boston. Mwaka huo huo, mamlaka ya Jimbo, yaliyokuwa mikononi mwa tabaka kongwe la Waprotestanti, yaliunda bodi ya leseni ya mji huo ambayo wajumbe wake waliteuliwa na Gavana, si Meya. Wengi wameiona hatua hiyo kuwa njia ya kuwanyima Wakatoliki wahamiaji madaraka waliyoyapata kwa kura. Baada ya marufuku ya vileo kuondolewa mwaka 1933, idadi ya leseni za Boston iliendelea kupangwa na Bunge la Jimbo.

Ukomo huo uliowekwa kwa hofu dhidi ya kizazi kimoja cha wahamiaji ulikuja kuwaumiza wengine. Kuanzia miaka ya 1980, fedha nyingi za umma zilitumika kuisafisha bandari ya Boston, na baadaye kujenga barabara za chini ya ardhi, mahakama ya shirikisho na ukumbi mkubwa wa mikutano, uliofunguliwa mwaka 2004. Kwa njia hiyo, eneo la ufukweni liitwalo Seaport, ambalo sehemu yake kubwa ilikuwa ya kuegeshea magari, likawa mahali pa minara ya vioo na migahawa ya kifahari. Hapo mwaka 1952 palikuwa pamejengwa kikanisa cha Bibi Yetu wa Safari Njema kwa ajili ya wavuvi na wafanyakazi wa bandarini. Kanisa jipya lililochukua nafasi yake mwaka 2017 limezungukwa na ofisi na makazi ya bei ghali.

Migahawa hiyo ilihitaji leseni, na zilizokuwapo zilikwisha kugawiwa. Wenye mitaji wakazinunua popote zilipopatikana, hata katika mitaa ya pembezoni. Maji hufuata mkondo, na leseni nazo zilifuata fedha. Mitaa kama Roxbury na Mattapan, yenye wakazi wengi weusi na wahamiaji, ilibaki na migahawa michache ya kukaa na kula. Leseni ya vileo vyote ilifikia takriban dola 600,000 sokoni, kiasi ambacho mpishi anayeanza biashara mtaani kwake hawezi kukigusa.

Marekebisho yalikuja polepole. Mwaka 2014, kufuatia juhudi za Ayanna Pressley, wakati huo mjumbe wa Baraza la Mji, Boston ilipata leseni mpya 75, nyingi zikiwa kwa ajili ya mitaa iliyosahauliwa, na uteuzi wa bodi ukarudishwa kwa Meya. Mwaka 2024, Gavana Maura Healey alitia saini sheria ya leseni mpya 225. Kati ya hizo, 195 zilitengwa kwa maeneo 13 ya postikodi. Haziwezi kuuzwa kwa mtu mwingine wala kuhamishwa. Mwenye biashara akifunga, leseni hurudi mjini na kutolewa upya katika eneo lile lile.

Yupo atakayeuliza kwa haki: je, ni neema kwa maskini kuongezewa mahali pa kunywea? Swali hili halipaswi kupuuzwa. Ulevi huvunja familia, na Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2290, inaunganisha fadhila ya kiasi na wajibu wa kuepuka kupita kiasi katika vileo. Kwa sababu hiyo, tunaona kwamba leseni inayodai huduma ya chakula na saa za mchana si sawa na kibali cha kilabu cha pombe. Hata hivyo, ukomo wa Boston haukuondoa pombe mjini. Uliamua tu ni nani atakayepata faida yake, na mitaa gani itakosa ajira na mahali pa familia kukutana.

Hatudai kwamba leseni maalumu ni dhambi, wala kwamba ni tiba ya ufukwe uliokufa. Hiyo ni zawadi ya umma, na zawadi ya umma inadai hesabu. Waamini wanaoshiriki vikao vya serikali zao za mitaa wanayo haki ya kuuliza kabla mihuri haijagongwa: je, kibali hiki kitabaki mahali kilipokusudiwa, na mwenye nacho akiondoka, kitarudi kwa wananchi? Huko Boston, jibu la swali hilo lilichukua zaidi ya miaka 100.