Subira ya Frederick Sanger
Katika maabara za Cambridge, Frederick Sanger aliishughulikia insulini ya ng'ombe kwa zaidi ya miaka 10, akiitia ncha ya mnyororo wake wa asidi-amino dawa iliyoipa rangi ya manjano, kisha akiuvunjavunja kwa asidi ili aitambue, kwa alama ile, asidi-amino iliyotangulia. Na kwa subira hiyo, ambayo wengine wangaliiita ukaidi, akathibitisha kwamba asidi-amino 51 za insulini hiyo zimepangwa kwa taratibu maalumu katika minyororo miwili, wala si kiholela kama walivyodhani baadhi ya maulamaa wa zama zake. Tuzo ya Nobel aliipata mwaka 1958, na ya pili, kwa shirika na wenzake, 1980. Lakini kinachonistaajabisha zaidi ni kuwa aliikataa lakabu ya Sir, na mwaka 1983 akastaafu, akaenda zake kutunza bustani.