Maneno ya Kompyuta na Intaneti, na Maana Yake



Mwezi huu twataka kueleza maneno. Wazee walisema, Asiyejua maana haambiwi maana. Mithali hiyo yafaa barazani penye mafumbo, lakini haifai penye mali ya watu. Siku hizi simu imeingia katika nyumba nyingi, na shule kadha wa kadha zina kompyuta. Watoto wameyashika maneno yake upesi, na wazazi huyatamka bila kujua yasemavyo. Mtu husema, "Intaneti imeharibika," kumbe bando lake limekwisha. Mwingine huulizwa namba ya siri, naye huitoa, kwa kuwa hajui ni siri ya kitu gani. Basi twaanza mwanzo, neno kwa neno, na mwalimu aweza kuyasoma haya darasani, na baba au mama aweza kuyasoma jioni baada ya chakula.

KOMPYUTA YENYEWE

Kompyuta, ambayo katika vitabu vya shule vya Kenya huitwa pia tarakilishi, ni chombo cha kuhesabu. Hata ikikuonyesha picha ya harusi au kukusikilizisha wimbo, ndani yake mna hesabu tupu, tena hesabu ya tarakimu mbili tu, 0 na 1, mfano wa taa iwakayo na kuzimika. Ajabu yake ni wepesi, maana hufanya hesabu nyingi mno kwa nukta moja. Nayo simu janja mliyo nayo mkononi ni kompyuta kamili. Kwa hiyo yote tutakayoyasema yaihusu na simu pia.

Sehemu zake zishikikazo kwa mkono huitwa maunzi: kioo, kibodi yenye herufi, na kipanya. Kipanya cha kwanza kilitengenezwa Marekani mwaka 1964 katika kazi ya Douglas Engelbart, nacho kilikuwa kisanduku cha mti chenye waya uliofanana na mkia. Ndiyo asili ya jina.

Yale maagizo yasiyoshikika, yaiambiayo kompyuta la kufanya, huitwa programu. Fikirini jikoni. Sufuria, mwiko na mafiga ni maunzi. Utaratibu wa kupika pilau, kwamba kitunguu kitangulie na mchele ufuate, ndio programu. Sufuria nzuri haipiki yenyewe, wala utaratibu haupikiki bila sufuria.

Kompyuta ina kumbukumbu za namna mbili, na walimu wazijue sana hizi. Ya kwanza ni kama ubao wa darasani: kazi hufanyika juu yake, lakini umeme ukikatika hufutika mara moja. Ya pili ni kama daftari: kilichoandikwa humo hubaki hata chombo kikizimwa. Kutoa maandishi ubaoni na kuyatia daftarini ndiko kunakoitwa kuhifadhi. Mwalimu aandikaye mtihani saa mbili bila kuhifadhi hata mara moja anaandika ubaoni wakati wote huo, na umeme ukikatika hatakuwa na la kuwapa wanafunzi. Kitu kimoja kilichohifadhiwa, kama barua au picha, huitwa faili. Na jalada likusanyalo mafaili mengi huitwa folda.

VIPIMO NA BANDO

Kama tupimavyo unga kwa kilo, ndivyo maandishi na picha hupimwa kwa baiti. Baiti moja ni kundi la tarakimu nane za 0 na 1, nayo yatosha kuandika herufi moja ya Kiswahili. Baiti elfu ni kilobaiti, kilobaiti elfu ni megabaiti, na megabaiti elfu ni gigabaiti.

Tuchukue mfano. Biblia nzima, kwa maneno yake matupu bila picha, haizidi megabaiti 5 hivi. Picha moja iliyopigwa kwa simu ya siku hizi mara nyingi hufika megabaiti 3 au 4. Yaani picha moja ya mbuzi wako yakaribia uzito wa maneno yote tangu Mwanzo hata Ufunuo! Na video ya saa moja yaweza kula megabaiti mamia. Basi mtu akishangaa jinsi bando lilivyoyeyuka, na aangalie kwanza kama simu haikuwa ikicheza video moja baada ya nyingine bila kuambiwa. Maneno ni mepesi. Picha ni nzito. Video ni nzito kupita zote.

INTANETI NI NINI?

Intaneti ni kompyuta nyingi sana za dunia zilizounganishwa, zipate kupelekeana habari. Mwanzo wake ulikuwa mdogo. Tarehe 29 Oktoba 1969, wataalamu wa chuo kikuu kimoja cha Los Angeles walijaribu kupeleka neno la herufi tano, "login", hata kompyuta iliyokuwa Stanford. Zikafika herufi mbili tu, L na O, kisha mtambo ukakwama. Hawakukata tamaa, na baada ya saa moja hivi wakafaulu. Tarehe 1 Januari 1983 kompyuta za mtandao ule zikaanza kutumia kanuni moja ya kusemezana, nayo ndiyo itumikayo hata leo.

Habari hupita hivi. Ujumbe hukatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti. Ni kama mtu aliyetaka kupeleka kitabu kwa posta, akakichana kurasa, akatia kila ukurasa katika bahasha yake, yenye anwani na namba. Bahasha moja yaweza kupitia Dodoma, nyingine Mombasa. Zikifika hupangwa kwa namba zake, na iliyopotea huombwa tena.

Wengi hudhani habari hizi zaruka angani njia yote. Sivyo. Kutoka simuni hata mnara ulio karibu hupita hewani. Lakini kuvuka bahari, sehemu iliyo kubwa mno hupita katika nyaya zilizolazwa chini ya maji, zenye nyuzi nyembamba za kioo zinazopitisha mwanga. Waya wa SEACOM ulianza kazi katika pwani yetu mwezi Julai 2009, na ule wa EASSy ukafuata mwaka 2010. Kabla ya hapo tulitegemea setilaiti, na bei yake ilikuwa kubwa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya hizo mbili zilikatika baharini upande wa Afrika Kusini, na watu wa Tanzania, Kenya na nchi za jirani wakaona intaneti ikizorota au kukatika kabisa. Vivyo hivyo mkisikia kwamba picha zenu zimehifadhiwa "katika wingu", msitazame juu. Wingu hilo ni kompyuta za watu wengine, ndani ya jengo fulani, duniani humu humu.

WAVUTI, TOVUTI NA BARUA PEPE

Intaneti na wavuti si kitu kimoja. Intaneti ni barabara. Wavuti ni mojawapo ya vitu vipitavyo humo. Wavuti ulibuniwa na Mwingereza Tim Berners-Lee mwaka 1989, alipokuwa akifanya kazi katika taasisi ya CERN karibu na Geneva. Ni kurasa nyingi zilizofungamanishwa kama wavu wa mvuvi, hata ukibonyeza neno hapa watokea ukurasa wa kule. Kurasa za mwenyewe mmoja kwa jumla ni tovuti. Kompyuta izitunzayo na kuzitoa kwa aombaye huitwa seva, nayo ni kama mtumishi wa ghala asiyelala.

Programu ya kuzitazamia kurasa huitwa kivinjari. Neno hili ni la mabaharia wetu wa zamani, maana chombo kilichokwenda huku na huku baharini kikipeleleza kilisemwa kuwa chavinjari. Kupakua na kupakia nako ni maneno ya bandarini. Ukileta kitu kutoka mtandaoni hata simu yako, umepakua, kama shehena ishukapo au wali utokapo chunguni; ukikipeleka kutoka kwako, umepakia. Hivyo lugha yetu haikukosa maneno. Ilikuwa nayo ghalani, yakingoja kazi.

Barua pepe ni ya zamani kuliko wavuti. Mwaka 1971 Ray Tomlinson wa Marekani aliweka alama @ kati ya jina la mtu na jina la kompyuta yake, na hata leo anwani husomwa hivyo: kwanza mtu, kisha nyumba akaamo.

Anwani ya tovuti nayo isomeni kuanzia mwisho wa jina lake, kabla ya mkwaju wa kwanza ufuatao jina hilo. Mwisho wa .tz ni Tanzania, na .ke ni Kenya, na.go.tz ni ofisi za serikali ya Tanzania. Mdanganyifu hutia jina la serikali mwanzoni, palipo rahisi kuonekana, lakini mwisho wa jina humfichua. Na ile alama ya kufuli iliyo kando ya anwani, maana yake ni kwamba njia kati yako na nyumba hiyo imefungwa, mtu wa njiani asisome. Haisemi kuwa mwenye nyumba ni mwaminifu. Mwizi pia aweza kuwa na kufuli mlangoni pake.

NYWILA NA NAMBA YA SIRI

Sasa twafika penye maneno yaliyotufanya kushika kalamu. Nywila, au nenosiri, ni neno la kukutambulisha kwamba wewe ndiwe mwenye mali. Namba ya siri ya fedha za simu ni ya jinsi hiyo hiyo. Iko na ya tatu, namba ya uthibitisho, iletwayo kwa ujumbe mfupi, itumikayo mara moja tu. Hiyo huletwa mtu anapotaka kufungua mlango wako kutoka simu nyingine.

Mama mmoja mjane tumjuaye alipigiwa simu na mtu mwenye adabu nyingi, aliyejiita mtumishi wa kampuni ya simu. Akamwambia laini yake itafungwa jioni ile, ila akitaja namba iliyoletwa kwa ujumbe, na namba yake ya siri, "tupate kuhakiki." Mama akazitaja zote mbili. Kabla ya jua kutua, fedha alizoziweka kwa ada ya mtoto zilikuwa zimekwisha. Wajukuu walipopata habari wakacheka, wakisema bibi ni mshamba. Sisi hatukucheka. Mama yule hukumbuka kila senti ya deni la dukani, wala hakuna muuza samaki aliyewahi kumpunja. Alilolikosa ni mtu wa kumwambia maana ya maneno mawili, na hao waliocheka ndio waliokuwa wakiyajua.

Basi shikeni haya. Kwanza, mtumishi wa kweli wa benki au wa kampuni ya simu hana haja ya namba yako ya siri. Akuulizaye ni mwizi, hata kama ana sauti ya upole. Pili, akikuharakisha, kata simu, kisha mpigie mwenyewe mhusika kwa namba uliyoijua tangu zamani. Tatu, nywila na iwe ndefu. Maneno manne yasiyohusiana yakiunganishwa ni magumu kubahatishwa kuliko jina la mtoto na mwaka wa kuzaliwa. Wala usitumie moja kwa milango yote. Nne, faili usilolitazamia, likija na maneno ya zawadi, usilifungue. Laweza kuwa na kirusi, yaani programu mbaya ijinakiliyo yenyewe na kuharibu au kuiba. Tano, walioko Tanzania waweza kuituma namba ya tapeli kwenda 15040. Tena tangu mwaka 2015 nchi ina Sheria ya Makosa ya Mtandao. Kwa hiyo aliyeibiwa asikae kimya kwa haya, bali aende polisi upesi na kuijulisha kampuni yake ya simu.

KWA WALIMU NA WAZAZI

Twawaomba jambo moja. Kila nyumba ichague jioni moja, na mtoto aliye hodari wa simu akae na babu au bibi yake, amweleze maneno matano tu ya hapa juu, polepole, bila kumnyang'anya simu mkononi. Kisha mzee ayaeleze tena kwa maneno yake mwenyewe. Maswali haya yatawasaidia:

1. Ni tofauti gani iliyopo kati ya maunzi na programu?
2. Umeme ukikatika, ni kazi ipi itakayopotea, na ipi itakayobaki?
3. Kwa nini video humaliza bando upesi kuliko barua?
4. Alama ya kufuli yatuambia nini, na nini haituambii?
5. Namba ya uthibitisho ikija nawe hukuiomba, ina maana gani?

Swali la tano lisirukwe. Jibu lake ni kwamba mtu yuko mlangoni pako anajaribu ufunguo, usimpe.

Mwezi ujao, tukijaliwa, tutaeleza jinsi ya kupima habari iletwayo kwa simu kama ni ya kweli au ya uongo. Neno lolote lililowatatiza tuandikieni, nasi tutalitafutia maana. Kwa herini.