Mpeni kila mjamzito mkunga wake

Kila mwisho wa mwezi mkuu wa wodi hubandika ukutani karatasi ya zamu: asubuhi, jioni, usiku, mapumziko. Karatasi hiyo ndiyo inayoamua nani atakuwa na mama wakati anasukuma, na mama mwenyewe hayumo ndani yake. Nasema wazi, kama mkunga niliye kazini, kwamba hapo ndipo tunapowapoteza akina mama na watoto. Tulisomeshwa kumlea mwanamke tangu mimba inapojulikana hadi arobaini inapotoka. Tumeajiriwa kulinda vitanda.

Nenda kliniki ya wajawazito siku yoyote. Akina mama wako kwenye mabenchi tangu saa moja asubuhi, kadi mkononi, wengine hata chai hawajanywa. Mmoja anaitwa. Mkunga aliye mezani leo siye aliyekuwepo mwezi jana, na mwezi ujao atakaa mwingine. Mama anaulizwa tena: mimba ya ngapi hii? Watoto wangapi wako hai? Kama uzazi uliopita mtoto alitoka amekufa, itambidi alitamke jambo hilo upya mbele ya mtu asiyemjua, mlango ukiwa wazi na benchi zima likisikia. Mwezi ujao atalitamka tena. Nimewaona waliochoka kulitamka wakajibu tu "wote wazima", na kadi ikaandikwa hivyo. Siku ya uchungu tunasoma kadi hiyo na kuamini kwamba huyu hana historia yoyote ya kutisha. Halafu tunamlaumu kwamba alificha.

Chukua kifafa cha mimba, ambacho ni miongoni mwa wauaji wakubwa wa wajawazito. Tuseme ni binti wa miaka 19, mimba ya kwanza, na presha yake mwezi wa nne ilikuwa 95 kwa 60. Mwezi wa saba inasoma 130 kwa 85. Mkunga anayemwona kwa mara ya kwanza, huku nyuma yake wamepanga foleni wengine arobaini, anaandika na kumpitisha, kwa sababu namba hiyo haijafika 140 kwa 90 tuliyofundishwa kuiogopa. Mkunga aliyekuwa naye tangu mwanzo anashtuka. Anakumbuka kwamba presha ya binti huyu haikuwahi kufika hata mia. Anaona uso umejaa kuliko mwezi uliopita, pete imebana kidoleni. Anamuuliza kama kichwa kinamuuma, kama macho yanaona ukungu. Anapima mkojo, anamwambia arudi baada ya siku tatu, wala asingoje wiki nne, na anampa namba yake ya simu. Mashine ya presha ni ile ile, kadi ni ile ile. Tofauti pekee ni kwamba mmoja wao anamjua.

Hiki ndicho tunachokiomba kwenu viongozi wa afya, kila mama awe na mkunga anayemjua, na kila tukikiomba tunajibiwa kwamba ni anasa.

Sibezi kilichofanyika. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba asilimia 63 ya watoto Tanzania walizaliwa katika vituo vya afya. Ule wa 2022 ulikuta asilimia 81. Makadirio ya vifo vitokanavyo na uzazi yalishuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Vituo vya afya vimejengwa, vyumba vya upasuaji vimefunguliwa, mfumo wa m-mama unampakia mama kwenye gari usiku wa manane na kumfikisha hospitali. Aliyewahi kukaa na mama anayetoka damu kijijini, akingoja gari lisilokuja, anajua maana ya hayo.

Lakini someni na mstari mwingine wa tafiti hizo hizo, ule usiosomwa kwenye mikutano ya hadhara. Vifo vya watoto wachanga walio chini ya siku 28 vilikuwa 25 kwa kila vizazi hai 1,000. Vikawa 24. Akina mama wameitikia wito, wameacha kuzalia nyumbani, wamekuja kwetu kwa wingi ambao haujawahi kuonekana, na kifo cha kichanga kimepungua kwa mmoja tu katika elfu. Tumewafikisha mlangoni, na mkilalamika kwamba vifo vya vichanga havishuki basi tazameni kinachowakuta ndani.

Ndani kuna mkunga mmoja na wanawake wanne, watano, mara nyingine zaidi. Mapigo ya moyo wa mtoto yanatakiwa kusikilizwa kila baada ya nusu saa, na wakati wa kusukuma mara nyingi zaidi ya hapo. Mkunga akiwa anamshona mmoja, wa pili kichwa kimeonekana, wa tatu anatapika, nani anasikiliza moyo wa mtoto wa mwanamke wa nne? Saa moja na nusu asubuhi zamu inabadilika. "Kitanda namba nne, mimba ya tatu, sentimita sita, anaendelea vizuri." Kwa maneno hayo machache usiku mzima wa mwanamke unakabidhiwa kwa mtu ambaye hajawahi kumwona. Nani amemwambia mkunga wa asubuhi kwamba namba nne alilia tangu saa tisa usiku kwa sababu dada yake alifia kwenye wodi kama hii?

Na tuzungumzie makofi. Najua wenzangu hawapendi, lakini yapo. Zaidi ya miaka kumi iliyopita watafiti waliwahoji akina mama waliojifungulia vituo vya Korogwe na Muheza. Walipoulizwa wakiwa wanatoka kituoni, asilimia 19 walisema walitukanwa, walipigwa, walipuuzwa au walidhalilishwa kwa namna nyingine. Walipofuatwa nyumbani wiki kadhaa baadaye, wakiwa huru kusema, kiwango kilipanda hadi asilimia 28. Hakuna udhuru wa kumpiga mwanamke aliye uchungu, na ninayesema hivyo ni mkunga. Lakini semina za maadili mnazotuletea kila mwaka, pamoja na soda na posho ya siku, hazijagusa mzizi. Ni rahisi kumfokea "namba nne". Ni vigumu sana kumfokea mwanamke ambaye umempima tumbo tangu likiwa dogo, ukamjua mama mkwe wake, ukajua anaogopa sindano, ukajua mumewe yuko safarini. Mahusiano hufanya kazi ambayo bango la ukutani haliwezi kuifanya.

Bibi zetu walilijua hili. Pwani, mkunga wa mtaa alimfahamu mama tangu akiwa mwari. Alikuja mimba ilipokuwa changa, alikuwepo siku ya uchungu, akarudi kumkanda kwa maji ya moto hadi arobaini ikatoka. Tuliwaambia akina mama waachane naye, na tulikuwa sahihi: damu ikimwagika, bibi hana oksitosini ya kuizuia wala chupa ya damu ya kuongezea. Ila tulipomwondoa yeye tuliondoa na kule kujulikana, na hatukuweka kitu mahali pake. Mnashangaa kwa nini bado kuna mama anayeishi karibu kabisa na zahanati akachagua kuzalia kwa bibi? Kwa bibi hahitaji kujieleza.

"Wakunga hawatoshi." Hilo ndilo jibu tunalopewa tangu naanza kazi, na linatolewa kana kwamba sisi hatujui. Ni sisi tunaobaki peke yetu usiku! Lakini niambieni kwanza hao wachache mnawatumia vipi. Mkunga aliyesomea kuzalisha anahamishiwa wodi ya upasuaji ya wanaume kwa sababu mzunguko umefika. Mwingine yuko dirisha la dawa. Mwingine anajaza takwimu kwenye kompyuta. Mkunga aliyeanza kuzoeana na akina mama wa kata nzima anahamishwa wilaya bila hata wiki moja ya kukabidhi. Huo si uhaba, ni kupanga vibaya, na kupanga vibaya hakuhitaji mfadhili ili kurekebishwe.

"Ni mambo ya Ulaya." Wapalestina si Ulaya. Kuanzia mwaka 2013, katika Ukingo wa Magharibi, wakunga wa hospitali ya serikali Nablus walianza kutoka kwenda vijijini kwa magari ya umma, kila mkunga na kijiji chake, akiwapima wajawazito huko huko, akiwafuata nyumbani baada ya kujifungua. Nchi iliyo chini ya vizuizi vya kijeshi barabarani! Kufikia 2016 mpango ulikuwa umesambaa kwenye hospitali kadhaa na vijiji zaidi ya 30. Watafiti walipolinganisha akina mama wa mpango huo na wengine katika hospitali ya Nablus, walikuta upasuaji wa dharura umepungua na watoto njiti wamepungua.

Ushahidi wa jumla nao upo. Mapitio ya tafiti ya shirika la Cochrane ya mwaka 2024 yalikusanya majaribio 17 yenye wanawake zaidi ya 18,000. Waliohudumiwa na mkunga yule yule, au kikundi kidogo cha wakunga wanaowafahamu, wengi zaidi walijifungua kwa njia ya kawaida, wachache zaidi walipasuliwa, na waliridhika zaidi na huduma. Majaribio mengi yalifanyika kwenye nchi tajiri, kweli, na ndiyo maana nimeanza na Nablus. Oktoba 2024 Shirika la Afya Duniani likazitaka nchi zote, tajiri na maskini, zihamie kwenye mfumo wa huduma unaoongozwa na wakunga. Tanzania ni mwanachama wa shirika hilo. Miongozo yake ya dawa tunaifuata neno kwa neno. Huu nao tuufuate.

Watanikumbusha Uingereza. Huko kamati mbili, ya 1993 na ya 2016, zote zikiongozwa na Julia Cumberlege, ziliahidi kila mama mkunga anayemjua. Septemba 2022 NHS England, taasisi inayosimamia huduma za afya, ikafuta malengo ya muda iliyokuwa imewawekea watekelezaji, kwa sababu wakunga walikuwa wamepungua mno. Walitaka mkunga aitwe usiku kwa mama yake huku zamu za wodini zikibaki zile zile. Wakunga wakachoka, wakaondoka. Funzo langu kutoka huko ni hili: huwezi kuongeza mwendelezo wa huduma juu ya zamu. Lazima uondoe baadhi ya zamu ili uupate.

Kwa hiyo sitaki ahadi ya kitaifa ya kusomwa Mei 5, Siku ya Wakunga Duniani, sisi tukiwa tumevaa sare za vitenge. Nataka kitu kidogo, na nataka kifanyike. Kila halmashauri ichague kata mbili na kituo kimoja cha afya. Wakunga wanne watengwe kwa ajili ya kata hizo, wafanye kazi wawili wawili, kila mjamzito awe na mkunga wake wa kwanza na wa pili atakayemfahamu pia. Mchana wako kliniki na majumbani kwa waliojifungua. Uchungu ukianza, mmojawapo anaitwa, na keshoye anapumzika bila kuomba ruhusa kwa mtu yeyote. Asihamishwe mtu katika kikundi hicho kwa miaka miwili. Na mama awe na ndugu yake pembeni wakati wa uchungu. Kigoma vituo tisa vya serikali vilijaribu utaratibu huo kati ya 2016 na 2018 na ukawezekana, kwa hiyo tusiambiwe tena kwamba leba haina nafasi.

Fedha zake si nyingi, ila ziandikwe, kwa sababu kisichoandikwa kwenye mpango wa afya wa halmashauri hakilipwi. Mwaka mpya wa fedha unaanza Julai 1. Waganga wakuu wa wilaya, tunataka kuona vifungu vinne vyenye majina ya kata: posho ya kuitwa kazini usiku, mafuta ya pikipiki, muda wa maongezi wa simu ya kikundi, na nyumba ya mkunga karibu na kituo. Mkiwa na sababu ya kukataa, ileteni kwenye kikao cha kamati ya afya, mwaite na akina mama wa kata hizo waisikie, nasi tutakuja na daftari la leba tuwaonyeshe usiku wa mwezi uliopita ulivyokwenda.