Mafuta ya mimea na swali la makapi

Mradi wowote wa kulima mafuta ya kuendeshea magari ungepaswa kuulizwa jambo moja kabla haujakatiwa ardhi: mafuta yakishatoka, kinachobaki kitaliwa na nani? Mbono haukuulizwa. Miaka ya 2000 ulisifiwa kuwa zao la ardhi kame, na Kisarawe kampuni moja ya Uingereza ikakabidhiwa zaidi ya hekta 8,000. Kufikia 2011 mradi ulikuwa umeanguka. Mavuno haba yaliuponza, ni kweli. Lakini hata pale mbegu zilipokamuliwa, mashudu yake yalikuwa na sumu isiyotoka kwa kuchemshwa, kwa hiyo hakuna mfugaji aliyeweza kuyanunua, wakati mkamuaji wa alizeti kule Singida huuza mafuta, kisha akauza na mashudu.

Ethanoli ya mahindi ya Marekani imesimama kwa sehemu kubwa kwa sababu ya makapi. Gunia la kilo 100 hutoa lita 40 hivi za ethanoli na takriban kilo 30 za makapi makavu. Hamira hula wanga tu. Protini, mafuta na nyuzi hubaki, na kwa kuwa wanga umeondoka, protini hupanda kutoka asilimia 8 au 9 hadi karibu 27. Ng'ombe huyafaidi sana. Kuku ni wa kupimiwa, maana nyuzi humlemea na lisini iliyomo ni kidogo, tena huharibika makapi yakikaushwa kwa moto mkali.

Wapo watakaosema hii ni hila ya kuhalalisha kuchoma ugali. Hoja ni nzito, na kurudishiwa theluthi hakufuti theluthi mbili zilizokwenda. Panapokosekana unga, mahindi yasiguswe. Hata molasi, inayotetewa kwa kuwa si chakula cha watu, inapwaya katika kipimo hiki: wafugaji tayari huinunua kunyunyizia majani makavu, na ikishageuzwa spiriti hubaki maji meusi yanayofaa shambani kuliko horini. Anayeisifu ethanoli ya molasi aihesabu na hasara hiyo.

Pingamizi linalonisumbua zaidi ni sumukuvu. Mwaka 2004 mahindi yenye kuvu yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na uchachushaji hauiondoi sumu hiyo: hubaki katika makapi, ikikolea hadi mara tatu kama protini inavyokolea. Ng'ombe akiila, sehemu yake hutokea kwenye maziwa. Kwa hiyo mahindi yaliyokataliwa sokoni yasipokelewe kiwandani kwa kisingizio kwamba ni ya mafuta tu. Yapimwe getini, na makapi yapimwe tena kabla ya kufungwa kwenye magunia, kwa gharama ya mwenye kiwanda. Mfugaji wa ng'ombe wawili hana maabara.