Ahamaye Mjini Aulize Aendako kwa Nani

Katika baraza za Mombasa, baada ya sala ya Magharibi, kahawa ikipita mkono kwa mkono, husikika mara kwa mara maneno ya namna moja: fulani amehama. Ameuacha mji, amekwenda Lamu au Faza kwa wazee wake, au amejenga nyumba ndogo upande wa Msambweni au Vanga, penye upepo. Wanaobaki humtaja kwa kijicho kidogo. Husema, "Huyo sasa kapumzika. Kakimbia kelele, kodi na moshi wa magari."

Kwamba amekimbia, hatubishi. Ama kwamba amepumzika, hilo lataka kuangaliwa vizuri kabla ya wengine hawajafunga mizigo yao.

Sababu za kukimbia ni nyingi na hakuna haja ya kuzificha. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, Mombasa ilikuwa na watu 1,208,333, na Nairobi 4,397,073. Lamu nzima, visiwa vyake na bara yake, ilikuwa na watu 143,920. Mtu aliyezaliwa Mombasa ya majirani wanaojuana, leo ajikuta katika mji asiomjua aishiye ghorofa ya juu yake. Kodi yapanda, maji yanunuliwa kwa madebe ya mkokoteni, na foleni ya kivuko cha Likoni yala saa ambazo hazirudi. Mwenye kuchoka na hayo si mvivu wala si mtoro.

Na huko aendako kuna neema za kweli. Mji wa kale wa Lamu, ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, bado vichochoro vyake ni vya watu na punda. Mtu husikia adhana bila ya honi kuikata. Msikiti hauko mbali na mlango wake, na akikosa kuonekana Alfajiri mbili mfululizo, kuna atakayekwenda kumpigia hodi amjulie hali. Neema hiyo haipatikani kwa fedha.

Lakini hoja ya mji na shamba si mpya katika Uislamu. Ibn Khaldun, mwanachuoni aliyezaliwa Tunis mwaka 1332, aliichambua kwa kina. Aliona kwamba watu wa majangwani wako karibu zaidi na wema na ushujaa, na kwamba anasa za mjini hulegeza tabia. Papo hapo alisema kwamba mji ndio upeo ambao mtu wa jangwani huutamani. Na tazama maisha yake mwenyewe. Mwaka 1375, alipochoshwa na fitina za wakubwa, alijitenga katika ngome ya Qal'at Ibn Salama, katika nchi ambayo leo ni Algeria, akakaa huko kiasi cha miaka minne. Katika utulivu ule ndipo alipoandika Muqaddima, kitabu kilicholifanya jina lake liishi hadi leo. Kisha akarudi Tunis, kwa kuwa kazi yake ilitaka vitabu, na vitabu vilikuwa mjini. Alifariki mwaka 1406 katika jiji la Cairo, akiwa kadhi. Upweke ulimfaa alipokuwa na kazi iliyohitaji upweke. Kazi ilipotaka mji, aliurudia bila ya kuona haya.

Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Hudhani raha imo katika mahali, kama asali ndani ya mzinga, kwamba atakayefika ataichovya. Mzee aliyestaafu na kiinua mgongo chake mkononi huhama kwa furaha. Mwezi wa kwanza ni wa samaki wabichi na usingizi wa mchana. Mwezi wa tatu aanza kuhesabu siku. Hana kazi ya kufanya, wenziwe wa utotoni wengi wamekwisha fariki, na vijana wa mtaa humwamkia kwa adabu kisha wakenda zao. Akipatwa na presha au sukari, ndipo akumbukapo kwamba daktari wake yuko Mombasa, na kati yake naye pana mashua ya kuvuka hadi Mokowe na safari ndefu ya basi.

Na mkewe je? Mara nyingi huyu ndiye asiyeulizwa. Mume huhama na ndoto yake, mke huhamishwa na masanduku. Miaka thelathini amekaa mtaa mmoja. Ana majirani wa kusaidiana nao arusini na matangani, ana darsa yake ya wanawake, ana chama cha kuwekeana pesa, ana binti aliyejifungua juzi mtaa wa pili. Vyote hivyo huachwa kwa sababu bwana amechoka na kelele. Raha ya mmoja iliyonunuliwa kwa upweke wa mwenzake haiwezi kuitwa raha ya nyumba. Qurani imetuamrisha kushauriana, na hatuoni jambo lililo na haki zaidi ya kushauriwa kuliko mahali mtu atakapolala na kuamka.

Kuna na upande mwingine usiopendeza kutajwa. Tangu miaka ya 1970, wageni kutoka miji mikubwa ya Ulaya wamekuja Lamu na Shela kutafuta kimya, wakanunua majumba ya mawe ya kale. Wengine wameyatengeneza vizuri, na kwa hilo wastahili shukrani. Lakini jumba likiuzwa, aliyeliuza naye huhama, akaenda pembeni ya mji, au akaingia Mombasa kupanga chumba. Kwa hivyo kimya cha mmoja kimekuwa kelele ya mwingine. Kijana wa Lamu auzaye nyumba ya babu yake ili akaanze maisha ya jijini, naye ajiulize swali lile lile.

Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Methali hii hutajwa kila mtu arudipo kwao, kana kwamba ngamani kumetandikwa zulia. Baharia ajua zaidi. Ngamani ndiko maji yanakojikusanya, na ndiko mtu ainamapo akafua. Arejeaye kwao na arejee akijua kuna maji ya kufua: madrasa iliyokosa mwalimu, kisima cha wakfu kilichokauka, watoto wasio na wa kuwasomesha hesabu. Mstaafu aliyekuwa karani bandarini au mwalimu Nairobi ana ujuzi ambao mji wake wauhitaji. Akiutoa, hatakuwa na wakati wa kuhesabu siku.

Tukitaka mfano ulio bora, tumtazame Mtume wetu, sala na salamu zimshukie. Alitoka Makka mwaka 622 na moyo wake ukiipenda. Mwaka 630 aliifungua, na hapakuwa na wa kumzuia kukaa katika mji aliozaliwa. Ansari waliingiwa na hofu kwamba hatarudi tena kwao. Alirudi. Aliishi Madina pamoja na wale waliompokea, na huko ndiko alikozikwa. Makka ilibaki kipenzi chake na Kibla cha umma wote, lakini maisha yake aliyaweka pale walipokuwa watu wake na kazi yake.

Basi hatumwambii mtu abaki Mombasa, wala hatumwambii ahame. Twamwambia aulize mambo matatu kabla ya kuuza kitanda: aendako atakuwa kwa nani, atafanya kazi gani, na je, aliye naye nyumbani ameridhika? Akipata majibu mema, na aende kwa baraka za Mungu, na sisi tutamtembelea wakati wa Maulidi. Akikosa, afadhali asogeze kiti chake barazani na kumsabahi jirani wa ghorofa ya juu ambaye hajapata kumjua jina. Huenda upweke anaotaka kuukimbia ukaisha hapo hapo.