KAZI ZA MIKONO: Pambo Lishikwe na Ngozi, Si na Bitana

Balambala, iliyo kando ya mto Tana katika Kaunti ya Garissa, ni nchi ya mifugo. Ng'ombe, ngamia, mbuzi na kondoo ndio mali ya wenyeji, na ngozi haikosekani. Tangu zamani Wasomali wamejua kushona mikanda, ala za visu na mikoba, na kuvipamba vitu hivyo kwa madini. Ngozi mbichi huuzwa kwa bei ndogo. Lakini ngozi hiyohiyo ikisha kuwa mkoba wenye bitana safi na pambo la shaba, humpa mwenyewe faida iliyo bora zaidi.

Hata hivyo, mikoba mingi huharibika palepale penye pambo. Mnunuzi huvutwa na mng'ao wake, lakini baada ya majuma machache pambo lalegea, bitana yatatuka, na sarafu zapotelea ndani ya tundu. Kosa si la pambo wala la ngozi, bali ni la mpango wa kazi. Fundi alishona bitana kwanza, kisha akapigilia pambo likapita katika ngozi na bitana pamoja. Kitambaa hakina nguvu ya kushikilia madini, na ncha za pambo hukikata kidogo kidogo kila mkono uingiapo.

Njia iliyo bora ni kutia pambo kabla ya bitana. Kwanza, mahali pa pambo papimwe na kutiwa alama, huku fundi akikumbuka sehemu itakayoliwa na mshono. Pili, kipande cha ngozi nene kigandishwe kwa gundi upande wa ndani, nacho kizidi ukubwa wa pambo kwa upana wa kidole kila upande. Tatu, matundu yatobolewe kwa kadiri ya miguu ya pambo, yasizidi. Tundu la ribiti sharti liwe la duara, kwa maana mkato wa kisu huendelea kupasuka. Nne, miguu ipitishwe katika ngozi na kile kipande, kisha itiwe kibati cha duara chenye tundu kiitwacho washa, ndipo ikunjwe. Uso wa pambo ulazwe juu ya kitambaa kizito, na nyundo ipigwe polepole. Mwisho, miguu iliyokunjwa ifunikwe kwa ngozi laini ya mbuzi, na bitana ishonwe juu yake.

Ikiwa mkoba umekwisha kushonwa, fundi asikate tamaa. Na afumue mshono wa bitana upande wa chini, apate nafasi ya kuingiza mkono, afanye kazi yake, kisha ashone tena kwa uzi uliotiwa nta. Lakini pete ya kubebea mkoba, au bizimu ya mkanda, isiachiwe miguu mifupi peke yake. Hiyo yafaa izungushiwe ukanda wa ngozi, nao ushonwe na kutiwa ribiti, kwa sababu hubeba uzito wote.

Lipo na jambo la madini yenyewe. Ngozi iliyotengenezwa kwa magome ya migunga ina taniini, nayo ikikutana na chuma penye unyevu hutoa weusi, uleule uliotumiwa zamani kufanyia wino. Doa hilo halitoki kwa kuosha. Kwa hiyo mapambo yanayouzwa kwa jina la shaba yajaribiwe kwa sumaku: yakivutwa, ni chuma kilichovikwa rangi ya shaba. Shaba ya kweli nayo hutoa kutu ya kijani ikikutana na mafuta ya ngozi, lakini hiyo hufutika kwa kitambaa kikavu.

Kazi hii haihitaji mashine. Yatosha kuwa na maharazi, nyundo, gundi, uzi na subira. Saa moja inayotumiwa kabla ya kushona bitana huokoa sifa ya fundi, na sifa ndiyo inayomrudisha mnunuzi. Asiyeziba ufa hujenga ukuta. Na fundi asiyeimarisha ndani, hata pambo lake likimeta namna gani, atalipa kwa kupoteza wanunuzi.