Maski Iwe na Visawe Viwili

Wanaistilahi wetu hulaumiwa mara kwa mara kwamba hulipa neno moja la Kiingereza visawe vingi vya Kiswahili. Aghalabu lawama hiyo ni ya haki. Hata hivyo, liko neno moja la waundaji wa programu za tarakilishi ambalo, kwa maoni yetu, linastahili visawe viwili, wala si pungufu: maski.

Tuchukue mfano. Huko Salama, kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa, mkulima hutegemea zaidi mvua ya Oktoba hadi Disemba. Tuseme kipimo cha mvua kimetoa safu hii ya siku tano, kwa milimita: 12, 0, -999, 8, 0. Hiyo -999 si mvua. Ni alama kwamba siku ya tatu kipimo hakikusomwa. Tarakilishi isiyoonywa itatoa wastani wa -195.8, kioja ambacho kila mtu atakitambua. Wa kuogopwa ni yule anayeweka sifuri mahali pa alama. Atapata 4, jibu la kupendeza macho ambalo limegeuza kutojua kuwa ukame. Siku hiyo ikifunikwa, wastani wa siku nne zilizobaki ni 5. Tofauti ya milimita moja kwa siku, kwa msimu wa siku 90, ni milimita 90. Ukambani hilo si jambo dogo.

Kufunika huku, katika maktaba ya NumPy ya lugha ya Python, hakufuti kitu. Thamani ingali pale chini. Ndipo tunapopendekeza barakoa, vazi ambalo wanawake wa Pwani na Omani walilijua kabla ya Korona kulieneza kote mwaka 2020: uso umefunikwa, mwenyewe yupo. Kinyago hakifai, kwani huleta sura nyingine. Sifuri ile ndiyo kinyago hasa.

Lakini maski ni jina pia la safu ya "kweli" na "si kweli" inayochagua thamani za kubaki. Humo "kweli" ni "chukua". Katika barakoa "kweli" ni "funika". Atakayetumia safu ya barakoa kuchagulia atabaki na -999 peke yake, siku zote nne zilizopimwa amezitupa. Hii ya pili na iitwe chujio. Wapo watakaouliza kama kilichochaguliwa ni chai au ni majani. Sisi tunasema ni chai.